Kula Suguti ukiwa na tumbo lililopunguzwa

Karatasi ya lishe niliyotoka nayo hospitalini ilieleweka vizuri, ila iliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi jirani na supamaketi. Ilitaja brokoli, unga wa protini wa kopo na supu za pakiti. Mimi nilikuwa narudi Suguti, mkoani Mara, kwenye sato na dagaa, muhogo na mtama, na maziwa ya kupimiwa kwa jirani. Ikabidi niipange upya karatasi ile jikoni, chakula kimoja baada ya kingine, huku tumbo likinipa majibu yake papo hapo.

Naandika kwa sababu siku hizi si lazima mtu aende India kupunguzwa tumbo. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaweka puto tumboni na wanafanya upasuaji, na waliofanyiwa wanarudi Musoma, Bunda, Butiama na Tarime, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa daktari wao. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari huyo. Ni ya kukushika mkono usiku ule ambao simu haipokelewi na tumbo limegoma.

Kwanza ujue umefanyiwa nini. Mimi nilikatwa mfuko wa chakula: karibu asilimia 80 yake huondolewa kabisa, kinabaki kimrija chembamba chenye umbo la ndizi. Kuna upasuaji wa aina nyingine ambao daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, hivyo chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Puto lenyewe si upasuaji, ingawa kichefuchefu chake cha siku za kwanza kinaweza kukulaza chini. Uliza ni kipi umefanyiwa, ukiandike, maana matatizo ya sukari na ya choo hayalingani. Baada ya upasuaji, chakula hurudi kwa hatua: vya majimaji mepesi, vya majimaji mazito kidogo, vilivyopondwa, halafu laini. Fuata ratiba uliyopewa wewe, usiazime ya mwenzako.

Sasa maji, maana hapo ndipo wengi wanapodondokea. Sisi tumezoea kutoka shambani na kumaliza kikombe kwa mkupuo mmoja. Tumbo hili halikubali. Lengo ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na njia pekee ya kufika huko ni kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri: kijiko, unapumzika, kijiko, unapumzika. Natembea na chupa ya nusu lita kila niendako, hata kwenye ibada. Nikiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai najua nimechelewa, na mara nyingi kichefuchefu cha jioni ile kimetokana na kiu wala si chakula. Maji ya vuguvugu yenye kipande cha tangawizi yalinishukia vizuri kuliko ya baridi. Yawe yamechemshwa, hata kama nyumba nzima inakunywa ya ziwani au ya kisimani bila shida. Kuharisha ambako zamani ungekuvumilia siku mbili, sasa kunaweza kukukausha kwa siku moja, kwa kuwa huwezi kunywa kwa wingi kufidia kilichotoka. Paketi za ORS zikae ndani ya nyumba. Nazo uzinywe kwa kijiko, taratibu, kwa sababu zina sukari.

Maji na chakula usivikutanishe. Ukishamaliza kula, kaa nusu saa kabla ya kunywa. Ukisukumia tonge kwa maji, tumbo linajaa kupita kiasi, na kinachofuata unakijua.

Chakula kinapokwama utatambua: maumivu katikati ya kifua, kwikwi, kisha mdomo unajaa mate mazito yenye povu. Acha kula hapo hapo. Simama, tembea uani polepole, tema hayo mate usiyameze, na usinywe chochote cha kukisukuma chakula. Kwa kawaida kinashuka au kinatoka chenyewe. Siku inayofuata rudi nyuma hatua moja, kwenye uji mwepesi na mchuzi. Mara nyingi sababu ni haraka, au kipande kikavu, au tonge kubwa. Kijiko cha chai kilinisaidia sana, kwa sababu hakibebi kingi hata ukiwa na njaa.

Harufu nayo ni adui. Dagaa wakikaangwa ndani ya jiko lisilo na dirisha, kichefuchefu kinaanza kabla hujaonja. Waombe wanaopika wahamishie jiko nje kwa wiki chache. Si deko.

Hata hivyo dagaa hao hao ndio walioniokoa kwenye protini, ambayo wataalamu wengi wa lishe hutaka ifike gramu 60 kwa siku au zaidi. Bila protini ya kutosha misuli inapungua pamoja na mafuta, nywele zinanyonyoka kupita kawaida na kidonda kinachelewa kufunga. Unga wa kopo ni ghali na Suguti huupati. Wachague dagaa wasafi waliokaushwa kwenye chanja, maana wale wa kuanikwa chini wana mchanga. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto, waanike tena, wakaange bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, kisha twanga na uchekeche kwa chekecheo laini. Unga huo nauweka kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi usio na sukari, au kwenye mchuzi wa nyanya. Mifupa yao midogo inakuja na madini ya kalsiamu. Kuhusu harufu, limao hupunguza nyingi.

Nilipofika hatua ya vyakula laini, sato wa kuchemsha akawa chakula changu kikuu. Nyanya, kitunguu, limao, chumvi kidogo, bila pilipili wala mafuta. Mchambue kwa vidole mwenyewe, kwenye mwanga, kwa sababu mwiba katika kimrija hiki kipya si jambo la kufanyia haraka. Sangara mnene ana mafuta zaidi, nami alinisokota tumbo, hivyo nilimsubirisha. Yai la kuchemsha laini lilikubalika. Nyama ya ng'ombe ilichelewa kuliko vyote, na hata leo naila ikiwa imechemshwa hadi inachambuka.

Halafu kuna ugali, na hapa nasema kama mtu aliyelelewa kwa ugali wa muhogo. Unavutika, unajikusanya kuwa donge, na kwenye njia nyembamba hilo donge linaziba. Uuache mpaka mwisho kabisa, na utakapoanza, uwe mlaini, tonge dogo kama punje ya harage, baada ya kumaliza samaki. Kula samaki kwanza kuna sababu nyingine kwetu watu wa Mara. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilayani Tarime watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Walikuwa wamekula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, bila kulowekwa na kukaushwa vya kutosha, huku chakula chenye protini kikiwa haba. Mwili unahitaji viini vya protini ili kuivunja sumu ya muhogo. Mtu aliyepasuliwa tumbo anakula kidogo, na protini yake inaweza kupungua bila yeye kutambua. Kwa hiyo unga wa muhogo wa nyumbani kwangu lazima nijue umelowekwa na kukaushwa vipi, la sivyo nakula mtama au ulezi.

Choo. Tuliongelee waziwazi, maana hospitalini huwa tunaona haya. Wiki za mwanzo choo kinakuwa kigumu na cha kuruka siku: unakula kidogo, unakunywa kidogo, na vidonge vya madini ya chuma vinakaza zaidi na kukifanya cheusi. Nilichofanya ni kuongeza maji, kutembea asubuhi na jioni, na hatua iliporuhusu, papai lililoiva vizuri na mlenda uliopikwa laini. Ikishindikana, omba dawa ya kulainisha choo kutoka kwa mganga wa zahanati. Usikubali kupigwa bomba la mitishamba wala kunywa dawa chungu za kuendesha, hata zikiletwa na shangazi anayekupenda. Mshono ulio ndani hauonekani, na kuharishwa kwa nguvu kunakukausha. Choo cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali, hicho si cha vidonge. Hicho ni damu, na safari ya hospitali ni siku hiyo hiyo.

Gesi inakera na inaaibisha, lakini inapungua. Maumivu ya mabegani siku za kwanza yanatokana na hewa ya ukaa inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji wa matundu, na kutembea husaidia. Gesi inayokuja baadaye mara nyingi ni ya maziwa. Watu kadhaa baada ya upasuaji hawaivumilii tena sukari ya maziwa, na mgando una sukari hiyo kidogo zaidi, kwa hiyo jaribu mgando usioongezwa sukari. Soda achana nayo. Magadi niliyaondoa kwenye mlenda na maharage, kwa kuwa yakikutana na asidi ya tumbo yanatoa gesi, na nafasi ya kuiweka hakuna.

Kwa waliounganishwa utumbo hasa, sukari ni habari nyingine kabisa. Chai yenye sukari nyingi, togwa tamu au juisi hushuka kwa kasi, utumbo unavuta maji mengi kwa mkupuo, na ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linasokota, unakimbilia chooni. Wengine hupatwa na hali nyingine saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka, wakitetemeka na kuona kiza. Kwa ile ya kwanza, lala kidogo; kwa hii ya kutetemeka usilale tu, pata kwanza kitu chenye sukari kidogo. Kwa zote mbili, mlo unaofuata uanze kwa protini. Sisi tuliokatwa mfuko tunaweza kupatwa pia, ingawa si mara nyingi kama wao.

Kiungulia ndicho kilichobaki kwangu kwa muda mrefu. Upasuaji wa kukata mfuko unajulikana kukiongeza kwa baadhi ya watu. Nilikunywa omeprazole kwa muda alioagiza daktari, nikaacha kula karibu na muda wa kulala, na nikainua kichwa cha kitanda kwa matofali. Kinachochoma zaidi ya hapo ni dawa za maumivu. Duka la dawa watakupa diklofenaki au ibuprofeni ukisema kichwa au mgongo unauma. Kataa. Zinaweza kusababisha vidonda kwenye tumbo hili. Omba paracetamol, na useme kwa nini.

Nyumbani kwetu kila homa inaitwa malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, homa pamoja na mapigo ya moyo yanayozidi 120 ukiwa umekaa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka au bega la kushoto linalouma, au pumzi kuwa fupi, inaweza kuwa mshono umevuja. Pima malaria, lakini hata kipimo kikionyesha unayo, mpigie daktari aliyekupasua au anza safari ya hospitali kubwa. Usisubiri kumaliza dozi. Miezi kadhaa baadaye, maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta yanaweza kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ambayo huja kwa wanaopungua haraka.

Watu nao. Ukikonda haraka kijijini, watasema unaumwa ule ugonjwa, na wazee watakusukumia sahani kwa upendo. Kwenye msiba sinia ni moja na kukataa ni kama kujitenga. Mimi hujibu, "Shikamoo bibi, nakula, ila daktari amenipimia," kisha nakaa pale pale, nachambua samaki wangu polepole hadi wenzangu wamalize. Bibi mmoja alianza kuniwekea mnofu wa sato pembeni kabla sijaomba. Hilo limenisaidia kuliko dawa nyingi, nami namshukuru kila tunapoonana.

Jambo la mwisho ni la kuandika kwenye kipande cha karatasi ukakiweka pamoja na kadi yako ya bima, na nakala apewe mtu mnayekaa naye. Ukitapika kwa siku kadhaa mfululizo, vitamini B1 inaweza kuisha mwilini haraka, na dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba ukitembea na kuchanganyikiwa. Wakati huo huo mgonjwa aliyelegea hutundikiwa dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuuumiza ubongo. Andika hivi: nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, tarehe fulani, aina fulani; nikiwa natapika nipewe sindano ya vitamini B1 kabla ya glukosi; nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kumuuliza daktari wangu; namba yake ni hii. Kiandike kwa herufi kubwa, na ukipitia zahanati siku ambayo huumwi, msomee mganga mfawidhi akiwa na nafasi ya kuuliza maswali.