Mgeni, Mizani na Amani ya Mji

SOMO LA KUJIFUNZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

Masomo: Yeremia 29:4-7, Walawi 19:33-36, Matendo ya Mitume 18:1-4 na 18:24-26



Katika mji wetu wa Songea ni wachache wawezao kusema kwamba ukoo wao haukutoka mahali pengine. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, ndipo baada ya miaka mingi ya safari wakafika nchi hii. Na leo hebu tupite sokoni. Huyu auzaye vitenge ametoka Makete, yule mwenye duka la vipuri ametoka Kilimanjaro. Wengine wametoka ng'ambo kwa ajili ya kahawa ya Mbinga au makaa ya mawe ya Ngaka. Nasi tuna watu wetu walio ugenini. Zamani babu zetu walikwenda Tanga kukata mkonge. Siku hizi vijana wetu wamefungua vibanda Dar es Salaam, na wengine wamevuka mipaka mpaka Afrika Kusini.

Basi, somo letu linamhusu mtu aliyeacha kwao akaenda kufanya biashara kwa watu wengine. Je, mtu huyo yuko pale kwa nini? Ni kuchuma tu na kurudi kwao? Au Mungu ana neno naye mahali pale pale alipofungua duka lake? Swali hili linatuhusu sote, maana kila mmoja wetu ama ni mgeni, ama ni mwenyeji wa mgeni, ama ana mwana aliye mgeni mahali fulani.

1. Barua kwa watu walio ugenini

Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka mpaka Babeli, wengi walikaa kama watu wanaongoja gari kituoni. Hawakutaka kufungua mizigo yao, maana manabii wa uongo waliwaambia watarudi upesi. Nabii Yeremia akawaandikia barua yenye neno tofauti kabisa. Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa. Tena aliwaagiza waitafute amani ya mji ule na kuuombea kwa Bwana, kwa sababu mji ukiwa na amani, na wao watakuwa na amani.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mungu hakuwaambia wasahau kwao. Ahadi ya kurudi ilikuwapo. Lakini aliwakataza kuishi nusu nusu, mwili Babeli na moyo Yerusalemu, huku jirani wa Babeli akiwa si kitu kwao. Hapa ndipo panapoanzia kusudi la mgeni: amani ya mji alioukuta.

2. Mafundi wawili wa hema

Katika Matendo 18 twasoma habari za Akila na mkewe Prisila. Akila alizaliwa Ponto, akaishi Rumi, kisha akafukuzwa yeye na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio. Wakafika Korintho mikono mitupu, ila ufundi wa kushona hema ulikuwa vidoleni mwao. Mtume Paulo, ambaye alikuwa na ufundi huo huo, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja.

Maandiko hayasemi kwamba walitajirika. Yanasema nini basi? Yanasema kwamba nyumba yao ya kazi ilikuwa nyumba ya watu. Paulo alipata mahali pa kulala na kazi ya kumpa riziki. Walipohamia Efeso, Apolo, msemaji hodari ambaye elimu yake ilikuwa na upungufu, alichukuliwa kwao akaelezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa lilikusanyika nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19). Na Paulo ashuhudia kwamba walihatarisha maisha yao kwa ajili yake (Warumi 16:3-4). Hema zile zimeoza zamani sana, lakini watu waliotengenezwa katika nyumba ile tunawasoma mpaka leo.

3. Watu watatu wa njia moja

Sasa tuache Korintho, tuje katika nchi yetu, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na maziwa makuu. Katika miaka ya 1880 njia hii ilikuwa kama barabara kuu ya biashara. Hebu tuwatazame watu watatu walioitumia.

Wa kwanza ni Charles Stokes, mtu wa Ireland. Alifika Zanzibar mwaka 1878 akiwa mlei wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Kianglikana kiitwacho CMS, apate kuwasaidia wamisionari waliokwenda Uganda. Alikuwa na kipawa kikubwa cha kuongoza misafara, na Wanyamwezi walimwamini. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1884. Baadaye alioa mwanamke wa Kinyamwezi, jina lake Limi, wa ukoo wa watemi. Wakubwa wa misheni hawakupendezwa na ndoa ile wala na biashara yake, wakaachana naye. Tusiharakishe kumhukumu katika jambo hilo. Kuoa mwenyeji si dhambi, na wala biashara si dhambi. Pengine Kanisa lilipoteza mtu ambaye lingeweza kumtunza.

Lakini Stokes aliyebaki peke yake alianza kufuata pembe za ndovu, na pembe zilifuatana na bunduki. Mwaka 1889 silaha zake zilimsaidia Kabaka Mwanga kurudi katika kiti chake. Aliuza kwa waliokuwa na pembe, na bunduki ikishauzwa haimwulizi mtu inakwenda kumpiga nani. Mnamo Januari 1895 alikamatwa Kongo na askari wa serikali ya Mfalme Leopold, akashitakiwa kuwauzia silaha adui zao, akanyongwa pasipo hukumu ya haki. Jambo hili lilileta ugomvi mkubwa Ulaya, na fidia ililipwa kwa Uingereza na Ujerumani. Aliuawa kwa dhuluma, hilo ni kweli. Lakini ni huzuni kuona mtu aliyekuja kwa ajili ya Injili akifa kwa ajili ya bunduki na pembe.

Wa pili ni Sewa Haji Paroo. Ukoo wake ulitoka Kutch, Uhindi, na yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Biashara yake Bagamoyo ilikuwa kuwapatia wasafiri wapagazi na mizigo. Hakuwa malaika, hata yeye aliuza bunduki na baruti. Lakini kabla hajafa mwaka 1897 alijiuliza mali yake ni ya nini. Alitoa nyumba Bagamoyo iwe shule ya watoto wa rangi zote, wakati ambapo wakubwa wengi walitaka kila rangi ikae peke yake. Alitoa pia fedha ya kujenga hospitali Dar es Salaam. Mpaka leo mgonjwa akilazwa Muhimbili, huenda akaambiwa kwamba kitanda chake kiko jengo la Sewahaji. Wengi wetu tumelitamka jina hilo bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Wa tatu ni Allidina Visram, aliyefika pwani yetu kutoka Kutch akiwa mtoto, akajifunza kazi kwa Sewa Haji. Akafungua maduka kwenye njia ya misafara, kisha akaifuata reli ya Uganda na kufika Kisumu, Kampala na Jinja. Alifariki mwaka 1916. Biashara yake kubwa haikudumu sana baada yake, lakini shule ya Mombasa iliyojengwa kwa ukumbusho wake ingali inafundisha watoto.

Wawili hawa hawakuwa wa dini yetu, lakini Bwana wetu alipotaka kutufundisha jirani ni nani, alimchagua Msamaria. Basi tusione haya kujifunza kwao.

4. Mizani na kumbukumbu ya Songea

Katika Walawi 19, mstari wa 33 na 34, Mungu awaagiza wenyeji wasimwonee mgeni, bali wampende kama nafsi zao. Na mara baada yake, mstari wa 35 na 36, anazungumza habari za mizani ya haki na mawe ya haki. Sidhani maneno haya yamekaa jirani bure. Mahali mgeni na mwenyeji wanapokutana mara nyingi zaidi ni kwenye mizani. Mizani ikiwa na uongo, hapana upendo tena, hata tukisalimiana kwa maneno matamu namna gani.

Sisi watu wa Songea tunalijua jambo hili kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, wageni walitaka pamba. Watu wa kusini walilazimishwa kuilima kwa viboko, na malipo yalikuwa kidogo mno. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba ile, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilifika mpaka kwetu Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu wengi walinyongwa hapa Songea, na kila mwaka tunawakumbuka pale Mahenge penye makumbusho. Kisha ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Pamba yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mtu aliyekuja katika nchi ya watu akaona shamba na asione mwenye shamba. Kila mgeni afunguaye biashara kati ya watu, awe Mzungu, Mhindi, Mchina, Mkinga au Mngoni aliyeko Tanga, anasimama penye njia panda hiyo hiyo.

5. Tufanye nini?

Kwa mgeni aliye kati yetu, na kwa vijana wetu walio mbali, nashauri mambo manne.

Kwanza, jifunze watu kabla ya kujifunza bei. Jua lugha yao, misiba yao, majira yao ya kulima na ya njaa. Asiyefika kwenye msiba wa jirani asishangae duka lake likiwa na wateja lakini yeye hana rafiki.

Pili, andika daftari la kweli. Fedha ya duka na fedha ya nyumbani zisilale katika mfuko mmoja. Wengi waliofilisika ugenini hawakulogwa, walikula mtaji. Deni la mtu liandikwe mbele yake, na mshahara wa kijana ulipwe siku yake. Yakobo 5:4 yatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele masikioni mwa Bwana.

Tatu, fundisha mtu kazi yako. Fundi wa kutoka mbali anayeficha ufundi wake ataondoka nao, na mji utabaki kama alivyoukuta. Akiwafundisha vijana wawili wa hapa kushona, kutengeneza pikipiki au kuweka hesabu, amepanda bustani ya Yeremia.

Nne, usiwe peke yako. Stokes alipoachana na ndugu zake hakuwa na mtu wa kumwuliza, "Ndugu, mzigo huu unaupeleka wapi?" Ukifika mji mgeni, tafuta kanisa Jumapili ya kwanza. Nasi wenyeji, tusimwone mgeni kuwa mfuko wa michango tu. Tumkaribishe nyumbani na tumwulize habari za kwao. Na akikosea, tumwonye kwa upendo kama tunavyomwonya ndugu yetu.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ni kipimo kizuri. Ikiwa tangu ulipofika mahali hapana mwenyeji hata mmoja aliyepona kwa ajili yako, hata kama ghala lako limejaa, bado hujaijua sababu ya safari yako. Na ikiwa yupo hata mmoja, yatima aliyepata ufundi, mjane aliyepimiwa haki, basi kusudi lako limekwisha kuanza, ijapokuwa duka ni dogo.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wako ni nani aliye mgeni na anafanya kazi gani? Je, umewahi kuingia nyumbani kwake, au unamjua dukani tu?

2. Yeremia aliwaambia watu wauombee mji uliowachukua mateka. Kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu? Je, kwetu ni rahisi?

3. Stokes alipoacha misheni, Kanisa lingeweza kumtendea nini? Leo tunamtendea nini mtu wetu aliyeingia biashara na kuacha kuja ibadani?

4. Mizani ya kazi yako ni ipi? Mwalimu, fundi, mkulima, mwenye duka: kila mmoja aseme mahali ambapo yeye hupima.

5. Mwandikieni kijana mmoja wa parokia aliye mbali. Msimwombe fedha safari hii. Mwulizeni habari za mji alipo, na kama amepata mahali pa kusali.

Tuombe

Ee Bwana, uliyemwita Ibrahimu atoke katika nchi yake, na Mwanao alipokuwa mtoto ukamhifadhi ugenini Misri: uwalinde wote wafanyao kazi mbali na kwao. Uwape mikono yenye bidii, mizani ya haki, na moyo wa kuupenda mji walipo. Nasi utupe neema ya kuwapokea wageni waliopo kwetu, ili sote tupone pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.