Protini na Makovu ya Figo

Kovu la figo mara nyingi huanza pale damu inapochujwa. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo hutoa taka kwenye damu na kuziacha protini zibaki mwilini. Kichujio kikijeruhiwa kwa shinikizo la damu, kisukari au virusi vya UKIMWI, seli zake hutoa protini ya kupeleka ujumbe iitwayo TGF-beta. Seli za jirani zikiupata ujumbe huo hutengeneza kolajeni, protini ngumu ile ile inayoziba kidonda cha ngozi. Kidonda cha ngozi kikipona, kazi hiyo hukoma. Ndani ya figo, chanzo cha jeraha kisipoondolewa, kolajeni huzidi kurundikana, mishipa midogo ya damu hubanwa, na vichujio vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa mpaka navyo vichoke. Kovu lililokomaa halirudi kuwa figo nzima.

Protini nyingine, APOL1, inawagusa Waafrika kwa karibu. Kazi yake ni njema: huelea kwenye damu na kutoboa vijidudu vya jamii ya malale hadi vife. Mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba maumbo yake mawili, G1 na G2, huua hata kijidudu cha malale ya Afrika Mashariki, ambacho APOL1 ya kawaida haikiwezi. Lakini mtu aliyerithi maumbo hayo kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kupata makovu, hasa akiwa na virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Huo si mkosi wala laana ya ukoo, na wengi walioyarithi hawaugui kamwe. Dawa ya kuizuia APOL1, inaxaplin, ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache; matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa katika wiki 13 protini inayovuja kwenye mkojo kutoka vichujio vilivyojeruhiwa ilipungua karibu nusu.

Kwa kaya ya kijiji kama Masako, kilomita 14 hivi kutoka Kisangani nchini Kongo kwenye barabara ya zamani ya Buta, kipimo cha uvujaji huo chenye faida kubwa ni kile rahisi kuliko vyote: ukanda wa kupimia mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa. Ukanda huchovywa, kisha baada ya dakika moja hivi rangi yake hulinganishwa na ile iliyochapishwa kwenye kopo la kanda hizo. Mraba mdogo wa protini ukibaki wa manjano, protini haikuonekana. Ukigeuka kijani, protini inavuja. Homa kali huweza kuleta uvujaji wa muda, hivyo kipimo hurudiwa mgonjwa akishapona. Povu lisilotoweka kwenye mkojo, kope zilizovimba asubuhi na miguu inayobonyea ni dalili za kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kwa mtoto.

Dawa za shinikizo la damu kama enalapril na captopril hupunguza uvujaji na pia ujumbe wa kutengeneza kolajeni, kwa hiyo huchelewesha kovu. Mjamzito hapewi dawa hizo. Nyumbani, makayabu (samaki wa chumvi) hulowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, kwa sababu chumvi hupandisha shinikizo. Diclofenac na ibuprofen, zinazouzwa sokoni kwa maumivu ya mgongo, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwenye protini kwenye mkojo hazimfai.