Tenga Programu za Python na Mfumo wa Kompyuta Yako

Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Katika mifumo endeshi ya Ubuntu, Debian na Fedora, Python huwa tayari imo, na mfumo wenyewe huitegemea. Baadhi ya zana zinazosimamia programu na masasisho zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Hatari iko wapi?

Programu nyingi za Python huhitaji vifurushi vya ziada, ambavyo husakinishwa kwa amri ya pip. Kifurushi kikisakinishwa katika Python ya mfumo, chaweza kuchukua nafasi ya toleo ambalo zana za mfumo hulihitaji. Zana hizo zikigoma, mtumiaji aweza kubaki na kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama, au akalazimika kumlipa fundi.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2023, Ubuntu 23.04 na Debian 12 huzuia usakinishaji wa namna hiyo na kuonyesha ujumbe externally-managed-environment. Ujumbe huo ni kinga, si hitilafu. Usikubali ushauri wa kuupuuza kwa kuongeza --break-system-packages kwenye amri. Kufanya hivyo ni kuondoa kinga hiyo.

Hatua za kufuata (Ubuntu na Debian)

1. Sakinisha zana inayohitajika: sudo apt install python3-venv
2. Ukiwa ndani ya folda ya kazi yako, unda mazingira ya pekee: python3 -m venv .venv
3. Ingia humo: source .venv/bin/activate
4. Hakikisha kuwa neno .venv limetokea mwanzoni mwa mstari wa amri, kisha sakinisha vifurushi kwa pip, bila kutumia sudo.
5. Ukimaliza kazi, toka: deactivate

Kila kazi iwe na mazingira yake. Yakiharibika, futa folda ya .venv na uyaunde upya. Python ya mfumo haitaguswa. Kwa hiyo, usihifadhi mafaili yako ndani ya folda hiyo.

Zingatia

Mazingira yaliyotengwa huzuia mgongano wa matoleo tu. Hayamzuii mhalifu aliyetengeneza kifurushi chenye madhara kusoma mafaili yako. Kabla ya kusakinisha, hakiki tahajia ya jina la kifurushi herufi kwa herufi, kwa kuwa walaghai huchapisha vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na yale maarufu.