Kumbukumbu ya Mtoto Mchanga na Nguvu ya Kikumbusho

Je, jambo alilolisahau mtoto mchanga huwa limefutika kabisa, au limejificha tu? Swali hili lilichunguzwa na mwanasaikolojia Carolyn Rovee-Collier na wenzake nchini Marekani, nao wakatangaza matokeo yao mwaka 1980.

Mtoto wa miezi mitatu hawezi kueleza anachokumbuka. Kwa hiyo watafiti walitazama miguu yake. Juu ya kitanda walitundika kichezeo cha rangi, wakahesabu mateke aliyorusha mtoto kwa kawaida. Kisha walifunga utepe kutoka kifundo cha mguu wake hadi kwenye kichezeo. Kila aliporusha teke, kichezeo kilicheza; naye akazidisha mateke. Mafunzo hayo yalifanywa siku mbili mfululizo.

Siku ya kupimwa, mtoto alilazwa chini ya kichezeo kilekile, lakini utepe haukuunganishwa nacho. Mateke mengi yalikuwa ishara ya kukumbuka. Siku chache baada ya mafunzo yalikuwa bado mengi. Baada ya wiki mbili yalirudi kiasi cha awali. Mtoto alikuwa amesahau.

Watoto wengine walipewa kikumbusho siku ya 13. Kwa dakika 3 tu walitazama kichezeo kikichezeshwa na mtafiti, wakiwa wameketishwa katika kiti kilichopunguza mateke. Walipopimwa siku ya 14, walirusha mateke mengi kama watoto waliopimwa siku moja tu baada ya mafunzo.

Mwanafunzi makini atauliza: huenda kikumbusho chenyewe ndicho kilichowafundisha? Ili kuondoa shaka hiyo, kundi jingine lilionyeshwa kichezeo vivyo hivyo bila kufunzwa kwanza. Mateke yao hayakuongezeka. Basi kikumbusho hakikufundisha jambo jipya, bali kiliamsha lililokuwamo.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kumbukumbu hiyo hairudi papo hapo. Robo saa baada ya kikumbusho ilikuwa haijaonekana, bali ilirejea kidogo kidogo kwa muda wa saa nyingi.

Tunajifunza kwamba kushindwa kukumbuka si ushahidi wa kutosha kuwa kumbukumbu imepotea.

Zoezi: Eleza kwa nini utepe haukuunganishwa na kichezeo siku ya kupimwa. Ungeunganishwa, matokeo yangetiliwa shaka gani?