Kwa Nini Shaba Haiwi Superkondakta?



Kwetu Nchelenge, miaka ya 2000, makinikia ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi yalivushwa Ziwa Mweru kwa tishari kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo. Nilipoanza fizikia nilidhani metali hizo, zinazopitisha umeme vizuri kuliko zote, ndizo zingetangulia kuwa superkondakta, yaani kuupitisha bila ukinzani wowote. Nilikosea. Hali hiyo haijaonekana kwa shaba wala fedha, hata kwenye baridi kali mno.

Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ya 1957 inaeleza sababu. Elektroni ikipita huvuta atomi kidogo na kuacha chaji chanya nyuma yake. Elektroni nyingine huvutwa na chaji hiyo, zikawa jozi. Jozi zikienda pamoja, ukinzani hutoweka. Ili zidumu kwenye joto la juu, yanahitajika mambo matatu:

1. Elektroni ziwe nyingi kwenye kiwango cha Fermi, yaani ukingo wa juu wa nishati zilizojaa.
2. Elektroni hizo ziathiriwe sana na mitetemo ya atomi.
3. Mitetemo iwe ya kasi, jambo linalotaka atomi nyepesi.

Shaba inakosa la kwanza na la pili. Elektroni zake nyingi zimejaa chini ya kiwango cha Fermi, na chache zilizopo hapo hazijali sana mitetemo. Kinachoifanya waya mzuri ndicho kinachoinyima jozi.

Haidrojeni ndiyo atomi nyepesi kuliko zote, lakini wingi wake pekee hautoshi. Maji yana haidrojeni tele, ila elektroni zake zimefungwa kwenye viungo vya molekuli. Mwaka 2015, kundi la Mikhail Eremets mjini Mainz, Ujerumani, liliibana haidrojeni salfaidi kati ya almasi mbili kwa shinikizo la takriban angahewa milioni 1.5. Ikageuka H₃S: elektroni za viungo vya salfa na haidrojeni zikarundikana kwenye kiwango cha Fermi, na ukinzani ukatoweka kwenye nyuzi −70 za Selsiasi. Kufikia 2019, LaH₁₀ ilifika karibu −23.

Tahadhari: makala mbili za jarida la Nature zilizodai kufikia joto la chumbani, za 2020 na 2023, zilifutwa baada ya data zake kutiliwa shaka. Kuhakiki habari ni amana, hata maabara.

Swali tulilobakiwa nalo: tutaupataje mpangilio huo wa elektroni bila shinikizo? Atakayelijibu huenda anasoma ukurasa huu.

Wallahu a'lam.