Kusikia bila Kusikika: Ujifunzaji wa Kiswahili Kisii na Nyamira Wakati wa Janga la Korona

Utangulizi

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru taasisi za elimu zifungwe. Masomo yakahamia redioni, runingani na mtandaoni. Imezoeleka kueleza pengo lililozuka kwa kigezo kimoja: mwanafunzi wa mjini alikuwa na intaneti, wa mashambani hakuwa nayo. Makala hii inakubali kigezo hicho, ila inadai kuwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili hakitoshi. Somo la lugha huhitaji njia mbili, ya kusikia na ya kusikika, na katika kaunti za Kisii na Nyamira ni njia ya pili iliyozibika zaidi.

Mtandao na Kaya

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Wakenya waliotumia intaneti walikuwa asilimia 42.5 mijini na asilimia 13.7 mashambani. Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, wengi wao wakiishi mashambani. Hata hivyo, mashamba ya Gusii si nyika. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Boma hupakana na boma. Kwa hiyo, umbali haukuwa kikwazo kikuu.

Kisa cha maputo ya Loon kinathibitisha hoja hii. Tarehe 7 Julai 2020 ilitangazwa kuwa maputo hayo, yaliyoelea takribani kilomita 20 angani, yangesambaza intaneti ya 4G kwa wateja wa Telkom Kenya katika maeneo kadhaa, Kisii ikiwamo. Siku hiyohiyo Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kuwa shule zingefunguliwa Januari 2021, na mwaka wa masomo wa 2020 ukahesabiwa kuwa umepotea. Januari 2021 shule zilipofunguliwa, kampuni ya Alphabet ilitangaza kuufunga mradi wa Loon kwa sababu ya gharama. Mtandao kupita juu ya paa si sawa na kuingia nyumbani. Ili uingie, sharti pawe na simu ya kisasa, umeme wa kuichaji, fedha za kununua bando na muda wa kusoma. Katika kaya nyingi simu ya aina hiyo, ikiwapo, huwa ya mzazi, naye huenda nayo sokoni au shambani kuchuma majani chai. Hata mjini Kisii, mtoto wa chumba kimoja cha kupanga aliyegawana simu na ndugu zake hakuwa na nafuu kubwa.

Kusikia na Kusikika

Redio ilipunguza kikwazo cha fedha. Vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, vilivyorushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, viliweza kufika mahali bando lisipofika. Lakini redio husema tu, haisikilizi.

Athari yake hudhihirika katika matamshi. Ekegusii ina irabu saba, Kiswahili tano. Aidha, Ekegusii haina fonimu /l/ wala /p/. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi hutamka "kula" kama "kura", na "pata" kama "bata". Mwanafunzi anaweza kuisikia sauti sahihi redioni mara kumi na bado asitambue kwamba yake ni tofauti. Anayemtambulisha ni mwalimu au mwenzake anayemsikia na kumrekebisha papo hapo.

Mjini Kisii, ambako Abagusii hukutana na Waluo, Wakipsigis na wengineo, Kiswahili kiliendelea kuzungumzwa mtaani na sokoni, ingawa mara nyingi kikichanganyika na Sheng. Katika vijiji vya Nyamira mazungumzo ya kila siku huwa hasa kwa Ekegusii, na shule ndiyo uwanja mkuu wa Kiswahili. Darasa la Nne, la Nane na Kidato cha Nne walirejea shuleni tarehe 12 Oktoba 2020. Wengi wa waliosalia walingoja hadi Januari 2021. Kwao, kufungwa kwa shule kulikuwa pia kufungwa kwa lugha.

Hitimisho

Masomo ya mbali yalipimwa zaidi kwa yaliyomfikia mwanafunzi kuliko kwa yaliyotoka kwake. Mambo matatu yanapendekezwa endapo shule zitafungwa tena. Kwanza, mwalimu apangiwe zamu za kuwapigia wanafunzi hata kwa simu ya kabambe, awasikilize wakisoma na kusimulia. Pili, hali ya afya ikiruhusu, ukaribu wa maboma utumiwe kuunda vikundi vidogo vya kusikiliza redio na kujadiliana baadaye. Tatu, shule zinapofunguliwa, mwanafunzi apimwe kwanza kwa mazungumzo kabla ya maandishi, kwa kuwa makosa ya matamshi hayaonekani katika karatasi ya mtihani hadi yamekwisha kuota mizizi.