Kani na Mwendo: Kwa Nini Basi Halisimami Papo Hapo

Dereva akanyagapo breki kwa ghafla, abiria aliyesimama ndani ya basi huyumba mbele. Wengi hudhani kwamba kuna kitu kilichomsukuma. Kwa kweli hakuna. Basi limepunguziwa mwendo, lakini mwili wa abiria ungali unaendelea na mwendo uliokuwa nao.

Kanuni ya kwanza

Kani ni msukumo au mvuto uwezao kubadili mwendo wa kitu au umbo lake. Kwa karne nyingi wataalamu walifuata fikira za Aristotle, kwamba kitu hakiendi ila kisukumwe daima. Galileo alionyesha vingine kwa kuviringisha mipira kwenye mbao za mteremko. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kwamba kila kitu hubaki kimetulia, au huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyoka, mpaka kani isiyosawazishwa ibadili hali hiyo. Tabia hii huitwa inesha. Mpira uviringikao uwanjani hausimami kwa kuishiwa na kani; husimamishwa na msuguano.

Jaribio: Funika bilauri kwa kadi ngumu, na juu ya kadi weka sarafu. Piga ukingo wa kadi kwa kidole ili ichomoke upesi. Sarafu haitafuatana na kadi, bali itatumbukia ndani ya bilauri. Msuguano wa kadi ni mdogo na wa muda mfupi mno kuweza kuichukua sarafu.

Kanuni ya pili

Kani = tungamo × mchapuko

Tuseme basi lenye tungamo la kilogramu 10,000 linakwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. Breki zikilipunguzia kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, kani inayohitajika ni 10,000 × 5 = nyutoni 50,000. Breki huzuia magurudumu, lakini kani inayolirudisha basi nyuma ni msuguano baina ya matairi na barabara. Kwa hiyo tairi lililolika na barabara iliyolowa ni hatari hata kama breki ni nzima.

Umbali wa kusimama

Basi hilo litasimama baada ya sekunde 4. Wastani wa kasi yake katika muda huo ni mita 10 kwa sekunde. Hivyo litakwenda mita 40. Kabla ya hapo, dereva akichukua sekunde 1 kutambua hatari na kukanyaga breki, basi litakuwa limekwisha kwenda mita 20. Jumla ni mita 60.

Kama kasi ingekuwa mita 10 kwa sekunde, umbali wa breki ungekuwa mita 10 tu, na jumla mita 20. Kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne.

Sasa mtoto avuke barabara mita 30 mbele ya basi. Kwa kasi ndogo, basi litasimama likiwa limebakiza mita 10. Kwa kasi kubwa, litamfikia lingali na kasi ya zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Dereva ni yuleyule na breki ni zilezile. Kilichotofautiana ni kasi.

Maswali

1. Basi limejazwa kupita kiasi hata tungamo likafika kilogramu 12,500, na breki haziwezi kutoa kani zaidi ya nyutoni 50,000. Litakwenda umbali gani likifungwa breki kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde?
2. Mvua imepunguza msuguano kwa nusu. Tafuta umbali wa breki wa basi la kwanza.
3. Abiria wa kilogramu 60 huhitaji kani gani ili asimame pamoja na basi la kwanza? Ni kitu gani kiwezacho kumpa kani hiyo?

Majibu: (1) mita 50, (2) mita 80, (3) nyutoni 300, kutokana na mkanda wa kiti, bomba analolishika, au msuguano wa sakafu na miguu yake.